Mashimo ya Hyrax Hill na Kanuni za Ushindi

Kwenye mwamba wa Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kuna vishimo vilivyochongwa safu safu. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, mahali hapo pakawekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1943, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1965. Makaburi, vyungu na mashimo makubwa ya watu wanaoitwa Sirikwa, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe, vimechunguzwa kwa bidii. Kuhusu vile vishimo vidogo, mgeni huambiwa kuwa ni bao, kisha safari inaendelea. Naona jibu hilo linaficha jambo kubwa zaidi ya lile linaloelezwa nalo, kwa sababu mchezo hutambulika kwa kanuni ya kushinda, na kanuni haichongwi kwenye jiwe.

Tazama bao la pwani, la Lamu, Mombasa na Zanzibar. Lina safu nne za mashimo manane manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Kete anazokula hazitoki mchezoni. Anazisambaza upande wake na zinaendelea kupigana. Kwa hiyo hakuna haja ya kuhesabu mateka mwishoni: anayeishiwa kete katika safu ya mbele, au asiye na hatua ya kucheza, ameshindwa. Ushindi unaopatikana mapema, kete za kuingiza zikiwa hazijaisha, una jina lake, mkononi, na wachezaji wanauheshimu kwa namna ya pekee. Sasa njoo Bonde la Ufa. Enkeshui ya Wamaasai na giuthi ya Wakikuyu huchezwa kwa safu mbili, na kete zilizoliwa hutolewa ubaoni zikawekwa kando. Mwishoni watu wanahesabu, na mwenye nyingi ndiye mshindi. Hapo utajiri hupimwa kwa kilichokusanywa. Pwani nguvu hupimwa kwa kumfungia mwenzako njia. Kuita yote bao ni sawa katika mazungumzo, lakini katika historia kunatupoteza.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba misafara ya pwani ilipita Naivasha ikielekea Baringo katika karne ya 19, na reli ilifika Nakuru mwaka 1900, hivyo wapagazi na vibarua wangeweza kuleta mchezo wao. Inawezekana, na kuna njia rahisi ya kupima: safu zihesabiwe. Penye safu mbili, bao la pwani halichezeki. Pingamizi zito zaidi ni la umri. Mwamba ulio wazi hauna tabaka la udongo wala mkaa wa kupimwa, na kukaa karibu na kaburi la kale hakufanyi vishimo viwe vya kale vilevile. Nalikubali hilo kabisa, na ndiyo maana sithubutu kuvipa karne. Lakini linaipa hoja yangu nguvu, kwa kuwa palipo na jiwe lisilosema, ushahidi uliobaki ni watu wanaojua kucheza.

Hata nje ya Afrika vifaa havitoshi. Vigae vya mchezo wa mahjong vilitoka China, na Wajapani wanachezea vigae vya namna ileile, ila kwao mkono uliokamilika, yaani seti kamili ya vigae vya mchezaji, haushindi mpaka uwe na angalau yaku moja, yaani mpangilio maalumu unaotambuliwa na kanuni. Atakayevifukua vigae hivyo bila kanuni hatajua kamwe kwa nini mchezaji mwenye mkono kamili alikatazwa kutangaza ushindi.

Wazee wanaojua giuthi na enkeshui wangali wapo katika Bonde la Ufa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yawaalike Hyrax Hill, wacheze, waeleze namna ya kula na ya kuhesabu, na maelezo yao yaandikwe katika lugha zao na kwa Kiswahili. Kazi hiyo ianze sasa, wakiwa hai.