Kamera za ulinzi zenye akili mnemba

Kamera za ulinzi zenye akili mnemba ni mfumo ambao picha za video, badala ya kuhifadhiwa tu hadi zitazamwe na mlinzi, huchambuliwa papo hapo na programu ya kompyuta iliyofunzwa kutambua vitu, namba za magari, nyuso au mienendo.

Mfumo huu hutumika kukamata makosa ya barabarani, kupima msongamano na kutoa tahadhari mtu aingiapo eneo lililozuiwa. Katika utambuzi wa sura, programu hugeuza uso kuwa mfululizo wa tarakimu na kuulinganisha na zile za kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu. Jibu lake ni kadirio la mfanano, wala si uthibitisho. Kiwango cha mfanano kinachotakiwa kikishushwa, wasiohusika hunaswa; kikipandishwa, wanaotafutwa hupita.

Mwanga hafifu, barakoa na pembe mbaya ya kamera hupunguza usahihi. Aidha, utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa programu za kubainisha jinsia kwa kutazama uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8.

Kwa kuwa sura ni taarifa binafsi, sheria za ulinzi wa taarifa za Kenya (2019) na Tanzania (2022) zinahusika; na kwa kuwa jibu la programu ni kadirio tu, uamuzi wa kumkamata mtu haupaswi kuachiwa mashine.