Ugawaji wa hifadhidata

Ugawaji wa hifadhidata ni kulivunja jedwali kubwa katika sehemu ndogo, au kuzitawanya kumbukumbu zake kwenye seva kadhaa. Jedwali likigawanywa ndani ya seva moja, programu huendelea kuliona kama jedwali moja, ila hifadhidata husoma sehemu inayohitajika tu. Kumbukumbu zikitawanywa, kila seva hubeba fungu lake la kazi.

Taarifa inayoamua kumbukumbu iende sehemu gani huitwa ufunguo wa mgawanyo. Yaweza kuwa tarehe, mahali au namba ya mtu. Ugumu wote umo katika kuuchagua.

Tazama Turkana, nchini Kenya. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992. Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa jirani yake mwaka 2016, na baadhi ya wakazi wa kambini wakahamia huko. Kugawa daftari la usajili kwa mahali kunavutia, maana ofisi huendelea kuhudumia watu hata mtandao ukikatika. Matoleo ya awali ya proGres, mfumo wa usajili wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, yalikuwa hivyo: kila ofisi na hifadhidata yake. Lakini mtu aliyeandikishwa katika ofisi mbili hakujulikana kwa urahisi kuwa ni yuleyule. Toleo la 4 liliziweka kumbukumbu katika hifadhidata ya pamoja.

Kasoro hiyo haitokani na uzembe wa makarani. Kwa mfano, katika PostgreSQL, programu ya kusimamia hifadhidata, sharti la kutorudia namba kwenye jedwali lililogawanywa ni lazima lijumuishe ufunguo wa mgawanyo. Ukigawa kwa mahali, namba moja itakubaliwa Kakuma na tena Kalobeyei. Kabla ya toleo la 11 la PostgreSQL, la mwaka 2018, hata kubadili makazi ya mtu aliyehama kulikataliwa. Ilibidi kumbukumbu yake ifutwe na kuandikwa upya kwingine.

Kwa watu wanaohama, basi, ufunguo unaofaa ni namba ya mtu. Ripoti ya kijiji kimoja italazimika kuuliza seva zote, na itachelewa. Heri ripoti ichelewe kuliko mama kukosa mgao kwa sababu daftari halimtambui. Tarehe iachiwe kumbukumbu zisizobadilika, kama migao iliyokwisha kutolewa: sehemu ya mwezi wa zamani huondolewa kwa amri moja, bila kugusa nyingine.