Kwa Nini Hatuli Farasi?

Jumamosi moja katika darasa la kipaimara tulifika Matendo ya Mitume sura ya 10, pale Petro anapopanda darini kwa Simoni mtengeneza ngozi mjini Yafa, njaa ikamshika, akaonyeshwa nguo kubwa ikishuka na wanyama wa kila namna. Nilieleza kama nilivyofundishwa chuoni, kwamba maono yale hayakuhusu chakula kwanza. Yalimhusu Kornelio, mtu wa mataifa, aliyekuwa akimsubiri Petro kule Kaisaria. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mchungaji, kama vyote ni halali, mbona hatuli mbwa? Na farasi je?" Darasa zima likacheka. Nikamjibu kwamba si desturi yetu, tukaendelea na somo.

Jibu lile halikuwa la uongo, lakini lilikuwa la uvivu. Habari ya farasi naijua, maana imo katika historia ya kanisa letu wenyewe.

Mnamo mwaka 732 Papa Gregori wa Tatu alimwandikia Bonifasi, mmisionari aliyehubiri katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Bonifasi alikuwa amemweleza kwamba huko wako watu wanaokula farasi wa porini, na wengi zaidi wanaokula wa kufugwa. Papa akaagiza jambo hilo likomeshwe, akaliita chafu na la kuchukiza, na walaji wapewe adhabu ya toba. Mwaka 751 Papa Zakaria naye akamwandikia Bonifasi, akakataza kunguru, korongo, sungura mwitu na farasi wa porini. Katika barua hiyohiyo anajibu swali jingine: nyama ya nguruwe yenye mafuta ikae muda gani kabla ya kuliwa? Papa anasema mababa hawakuacha sheria yoyote juu ya hilo, ila yeye anashauri ikaushwe kwa moshi au ipikwe kwanza.

Hapo ndipo pa kusimama. Kwa sheria ya Musa, katika Walawi 11, nguruwe ni najisi na farasi ni najisi. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Farasi hana hata moja kati ya hayo mawili. Kanisa lilikuwa limekwisha kuiweka kando sheria ile. Basi kwa nini mmoja apewe ushauri wa jikoni, na mwingine aitwe chukizo?

Wanahistoria wengi wanaona jibu katika sadaka. Watu wa kaskazini mwa Ulaya walichinja farasi katika karamu za miungu yao, na kula nyama ile kulikuwa kukiri kwamba wewe ni wao. Snorri Sturluson, mwandishi wa karne ya 13, anasimulia habari za Mfalme Hakon wa Norwei, aliyelelewa Kikristo Uingereza. Wakulima wake walimshika wakitaka ale nyama ya farasi katika karamu ya sadaka. Alikataa. Wakataka anywe mchuzi, akakataa. Mwishowe alifungua kinywa chake juu ya mpini wa sufuria ulioshika mvuke wa nyama, naye akauzungushia kitambaa kwanza, na hakuna upande ulioridhika. Karamu iliyofuata walimbana zaidi, akala vipande vya ini. Wale wakulima hawakuwa na haja na njaa ya mfalme, walitaka kujua ni wa nani.

Kisha Iceland. Mwaka 1000 hivi, wananchi walikutana katika baraza lao kuu wakiwa wamegawanyika, Wakristo upande mmoja na wafuasi wa dini ya zamani upande mwingine, na vita viko mlangoni. Wakakubaliana kumwachia uamuzi msemaji wa sheria, Thorgeir, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Alilala mchana kutwa na usiku kucha amejifunika joho lake bila kusema neno. Alipoinuka akatangaza kwamba wote wawe Wakristo na kubatizwa, lakini sheria ya zamani ibaki katika mambo kadhaa, mojawapo kula nyama ya farasi. Na jingine, nalisema kwa uchungu, kutupa watoto wachanga wasiotakiwa. Mambo hayo mawili yaliwekwa katika mzani mmoja! Miaka michache baadaye ruhusa zote mbili zikafutwa.

Leo kanisa kubwa la Iceland ni la Kilutheri kama letu, na nyama ya farasi inauzwa madukani. Hakuna askofu anayewaita watu kwenye toba kwa ajili yake. Karamu za Odini zilikufa, na chukizo nalo likafa.

Wasidhani wasomaji kwamba hayo ni ya wazungu wa kale tu. Mitume walipokutana Yerusalemu, Matendo 15, waliwaagiza Wakristo wa mataifa wajiepushe na damu. Sisi tunaoitwa Walutheri tuna Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, na kifungu chake cha 28 kinataja agizo hilo waziwazi na kuuliza ni nani anayelishika siku hizi. Ukitaka jibu, nenda Kilimanjaro siku ya sherehe, uone bakuli la kisusio, supu ya mbuzi iliyotiwa damu, likizunguka kwa wazee wa kanisa. Nimekinywa mimi mwenyewe, na ni kitamu.

Uhuru huo tulipewa, lakini Luther alijua ni uhuru wa namna gani. Machi 1522 alirudi Wittenberg kutoka mafichoni, akakuta watu wanakula nyama siku za mfungo ili waonekane wako huru. Akahubiri siku nane mfululizo. Juu ya nyama alisema ni ruhusa kula, na hakuna papa awezaye kukulazimisha usile. Lakini kama yuko ndugu ambaye dhamiri yake bado inajeruhiwa, mwache kwanza ajifunze. Majuma yaleyale, kule Zürich, watu walikula soseji wakati wa Kwaresima nyumbani kwa Froschauer, mpiga chapa. Zwingli alikuwepo. Hakula, ila baadaye aliwatetea waliokula.

Na kwetu? Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ulifika mahali mchungaji wa kanisa la Kipentekoste akauawa. Mgogoro ule wa Geita haukuhusu hata mnyama najisi. Ulihusu ng'ombe na mbuzi ambao pande zote mbili wanakula.

Nisijitoe katika habari hizi. Siku niliyobarikiwa kuwa mchungaji tulifanya sherehe nyumbani. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni Mwislamu, na alisafiri na wanawe siku nzima ili awepo. Tulikaanga nguruwe katika jiko lilelile na makaangio yaleyale ya kuku. Mjomba alikunywa soda, akasema ameshiba, akaaga kabla ya giza. Mama aliponiuliza kwa nini sikutenga vyombo, nilimjibu kwa Matendo 10, na chuo kilikuwa bado kinanukia mdomoni. Mama akaniuliza, "Huyo Petro wako aliposhuka darini, alikwenda kwa nani?"

Siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza nilimwomba mjomba mwenyewe achinje mbuzi. Wako wachungaji wenzangu walionionya kwamba nyama ile ni kama iliyotolewa kwa sanamu. Sikubaliani nao, na mtoto wangu hakupungukiwa na ubatizo. Lakini nilijifunza jambo ambalo sikulitegemea. Mjomba alinoa kisu mbali, nyuma ya nyumba, ili mbuzi asikione. Akasema wameagizwa hivyo. Mapapa wale wawili waliuliza nyama imeliwa katika karamu ya nani, na mnyama alikufaje hawakuuliza, wala mimi sikuwahi kuuliza. Tangu siku hiyo nikikutana na nguruwe aliyefungwa chali nyuma ya bodaboda, analia njia nzima hadi kwenye banda la kitimoto, nakumbuka Mithali 12:10, na ninajua wengi wa wateja wa banda lile ni washarika wangu.

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia yule kijana habari za farasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mbwa hatumli kwa sababu anatulindia nyumba?" Nikamwambia huenda, ila ng'ombe naye anatulimia shamba. Akanyamaza. Msichana mmoja wa mbele akasema kwamba kwao ng'ombe wa kulima haliwi nyumbani akizeeka. Baba humpeleka mnadani, wakamle wengine.