Hazina ya mimea iliyofichika katika savana za Kitale na Bungoma

MFUGAJI anayepanda nyasi za Boma Rhodes kwa ajili ya ng'ombe wake huenda asijue kwamba malisho hayo ni matunda ya watu waliotembea nyikani wakichuma majani mwitu, kuyakausha na kuyapa majina.

Mjini Kitale kulikuwa na kituo cha utafiti wa nyasi tangu enzi za ukoloni. Wataalamu wake, akiwemo A. V. Bogdan, walikusanya nyasi za asili, wakazipanda katika mashamba ya majaribio na kuteua zilizostawi zaidi. Setaria iliyotoka Nandi na kuteuliwa Kitale ilifika hadi Australia, ikawa malisho huko. Kampuni ya Kenya Seed, ambayo leo husifika kwa mbegu za mahindi, ilianzishwa Kitale mnamo 1956 ili kuzalisha mbegu za nyasi.

Hata hivyo, misitu na vilele vya milima vimewavutia wataalamu wa mimea kuliko savana. Mlima Elgon umepandwa na wakusanyaji wengi, ilhali nyanda zilizo chini yake, kutoka Trans-Nzoia hadi Bungoma, hazikupata umakini kama huo.

Sababu ni kadhaa. Nyasi nyingi hufanana hadi zitoe maua. Mimea mingine huishi ardhini kwa mizizi au viazi, ikachomoza kwa majuma machache tu baada ya moto au mvua za kwanza. Mtaalamu anayefika wakati wa kiangazi huiona ardhi tupu na kuandika kwamba hapana kitu.

Miongoni mwa walioziba pengo hilo ni Marjorie Tweedie, aliyekusanya mimea kwa miaka mingi katika maeneo ya Elgon. Aina moja ya mshubiri, Aloe tweediae, imepewa jina lake. Naye Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyependa zaidi wadudu, alianzisha makavazi yake Kitale mnamo 1926. Alipofariki mwaka wa 1966 aliacha mkusanyiko wake kwa taifa, na makavazi ya sasa ya Kitale yakafunguliwa mnamo 1974.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo mikubwa. Mkusanyaji hukata tawi lenye maua au matunda, na kama ni nyasi huing'oa pamoja na mizizi. Huilaza kati ya kurasa za magazeti makuukuu, kisha huibana kwa fremu za mbao na mikanda hadi ikauke. Karatasi hubadilishwa mara kwa mara ili ukungu usiingie.

Katika daftari huandika nambari, tarehe, mahali, mwinuko wa ardhi, kimo cha mmea na rangi ya maua, kwani rangi hupotea mmea ukikauka. Huandika pia jina la wenyeji na matumizi yake. Wazee wa Kibukusu, kwa mfano, huutambua mti wa Erythrina abyssinica kwa jina la kumurembe. Sampuli isiyo na maelezo hayo haina tofauti na majani makavu ya kulisha mifugo.

Sampuli hupelekwa katika hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Hifadhi hiyo ilianzia Amani, Tanzania, mnamo 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Nakala nyingine hutumwa Kew, Uingereza.

Sampuli za aina hiyo ndizo zilizowezesha kuandikwa kwa orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Juzuu zake zilitolewa kuanzia 1952 hadi 2012, zikaeleza aina 12,104. Orodha hiyo huigawa Kenya katika kanda saba: Kitale imo katika kanda ya tatu pamoja na Naivasha, na Bungoma katika ya tano. Mmea usiotajwa katika kanda ya tano si lazima uwe haupo Bungoma. Huenda hakuna aliyewahi kuuchuma huko.

Kukusanya kiholela hakuruhusiwi. Kanuni za mwaka wa 2006 humtaka anayetafuta mimea kwa matumizi ya kijenetiki kupata kibali cha NEMA na ridhaa ya wenyeji. Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutekelezwa mnamo Oktoba 2014, unasisitiza kwamba faida igawanywe na jamii zilikotoka mali hizo.

Muda nao ni mfupi. Mahindi na miwa vimechukua sehemu kubwa ya nyanda hizo, na savana iliyobaki imo zaidi kandokando ya barabara na katika vilima vya mawe kama Chetambe, karibu na Webuye. Mvua za kwanza zinazochomoza mimea ya ardhini ndizo pia humwita mkulima shambani, hivyo anayetaka kuichuma lazima afike kabla ya jembe.