Gari Lile Lile

Mwaka 1977 Steve McQueen, mwigizaji mashuhuri wa Hollywood, alimwandikia barua mtu asiyemfahamu huko New Jersey. Alimwomba amuuzie Ford Mustang ya kijani ya mwaka 1968, ile aliyoiendesha katika filamu ya Bullitt. Kwa fedha alizokuwa nazo angeweza kuagiza Mustang hamsini siku hiyo hiyo, lakini hakuzitaka hizo. Alitaka ile ile. Mwenye gari alikuwa amelinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000 kupitia tangazo la jaridani, na mkewe alilitumia kwenda kufundisha shule. Alikataa kuliuza. McQueen alifariki mwaka 1980 bila kulipata.

Nimeirejea habari hiyo mara nyingi kwa sababu ya neno "lile lile". Gari likishazeeka, likabadilishwa vyuma na kupuliziwa rangi mara nne, ni kitu gani ndani yake kinachobaki kuwa lile lile? Kila jamii inayofufua magari ya zamani ina jibu lake, na majibu hayo hayafanani.

Kwa Wamarekani swali hili ni zito kwa sababu magari waliyoyapenda ujanani yalipita upesi. Hayo wanayoyaita magari ya misuli huhesabiwa kuanzia Pontiac GTO ya 1964. John DeLorean na wenzake walichukua gari la kawaida la ukubwa wa kati wakalitia injini ya silinda nane yenye inchi za ujazo 389, ilhali General Motors, kampuni mama, ilikuwa imeweka kikomo cha 330 kwa magari ya ukubwa huo. Walipenya kwa kuiandikisha injini hiyo kama nyongeza ya hiari kwenye gari ambalo tayari lilikuwepo. Kufikia 1970 Chevrolet Chevelle SS iliuzwa na injini ya 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Halafu mambo yakageuka. Bima ya vijana ikapanda, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaisusia Marekani mafuta. Kijana aliyenunua gari la namna hiyo alilipata katika kipindi kisichotimia miaka kumi. Wengi waliyauza walipooa na kuanza kulea. Miaka thelathini baadaye, watoto wameshahama, mtu anaanza kulisaka.

Anachokisaka kwanza ni namba. Kwenye magari ya kuanzia 1968, sehemu ya namba ya gari lenyewe iligongwa pia kwenye bloku ya injini na kwenye giaboksi. Zikioana, gari ni halisi. Zisipooana, bei inaporomoka hata kama injini iliyomo ina nguvu kuliko ile ya kwanza. Basi utamkuta mzee wa miaka sabini amelala chali chini ya gari, tochi mdomoni, akisugua mafuta yaliyoganda kwa brashi ya waya ili asome tarakimu chache. Akishalipata, kazi inaanza: bodi inavuliwa hadi chuma kitupu, na kila boliti inatafutiwa alama yake ya kiwandani. Mafundi wao bora huchora upya hata alama za chaki zilizoachwa na wafanyakazi wa kiwanda, na hupuliza rangi iliyopotoka pale pale ilipopotoka siku gari lilipoundwa.

Ninauheshimu sana uvumilivu huo. Hata hivyo unakuja na hasara yake, maana gari likishafikishwa hapo mwenyewe huogopa kulitia barabarani. Hulibeba kwenye trela hadi kwenye maonyesho na kulirudisha gereji kwa trela. Lililokuwa gari la kijana mwenye haraka limekuwa kitu cha kufunikwa shuka.

Havana hawana habari na namba. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani, magari mapya ya Kimarekani yaliacha kuingia Cuba, kwa hiyo GTO haikufika kule. Yaliyobaki ni ya miaka ya 1940 na 1950, nayo huitwa almendrón, yaani lozi kubwa, kwa sababu ya umbo lake. Fungua boneti ya Chevrolet ya 1955 na huenda ukakuta injini ya dizeli ya Kirusi, au ya Kijapani. Mcuba hana sababu ya kulitafuta gari la ujana wake kwa kuwa halijawahi kuondoka. Babu alilinunua, baba akaligeuza teksi, mjukuu ndiye anayelichomelea leo. Kwake gari ni lile lile maadamu asubuhi linawaka na abiria wanapanda.

Huku Afrika Mashariki tuko karibu na Havana kuliko Detroit, ingawa magari yetu ni mengine. Gari la ujana wa baba zetu lilikuwa Peugeot (Pijo), Datsun au Land Rover, na sifa zake zilitokana na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa kwa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Datsun 240Z ikashinda 1971 na 1973. Gari la misuli lilisifiwa kwa kukimbia robo maili ya lami iliyonyooka. Pijo ilisifiwa kwa kutoka kwenye tope la mvua za masika na kufika. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya mtu wetu asijali sana injini ni ya nani.

Niliwahi kushuhudia jambo hilo kwa macho yangu, kwenye gereji iliyo chini ya mwembe. Fundi bodi alikuwa akikwangua madigadi ya Peugeot 504 kwa patasi. Ilitoka rangi nyeupe, ikafuata bluu, kisha pati nene kama kidole, kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na chini kabisa kikatokea kipande cha rangi ya maziwa ya chai, kikubwa kama sarafu. Mwenye gari, mtu wa miaka sitini na kitu aliyeachiwa gari hilo na baba yake, aliinama akakigusa kwa kidole.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Lakini mzee, injini ni ya Toyota," fundi akamwambia.

"Najua, mwanangu. Niliiweka mimi mwenyewe."

Hakukuwa na ubishi zaidi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini, na anayebadilisha injini anatakiwa akaiandikishe upya. Kwetu namba hiyo ni habari ya polisi na mamlaka ya mapato, haigusi mapenzi ya mtu. Kwa mzee yule gari lilikuwa pale kwenye ile rangi.

Watu wa pwani walikuwa na mazoea hayo kabla gari halijafika. Jahazi hubadilishwa mbao mwaka hadi mwaka, hutiwa kalafati ya pamba, hupakwa mafuta ya sifa na deheni, tanga likichakaa likashonwa jingine. Jina ni lile lile, na baharia haulizi mbao ya kwanza imekwenda wapi.

Ila urithi huu una udhaifu wake, na sioni sababu ya kuuficha. Tunakitunza chombo maadamu kinafanya kazi. Siku kikishindwa, tunakikata na kukiuza kwa kilo. Peugeot 504 ziliunganishwa Mombasa, zikabeba abiria kati ya miji ya Kenya kwa miaka mingi, na nyingi zimeishia kwenye tanuri za chuma chakavu bila hata picha. Nairobi kuna maonyesho ya magari ya kale na ya fahari yanayofanyika tangu 1970, lakini Pijo ya mwalimu wa shule ina nafasi ndogo ya kufika huko.

Ile Mustang ya McQueen ilisimama mwaka 1980 klachi ilipokufa. Yule mwenye gari wa New Jersey na mwanawe walianza kuishughulikia mwaka 2001, na kilichofanyika ndicho ninachokiona kuwa bora kuliko yote niliyoyataja. Ilirudishiwa uhai wa kutembea, lakini mibonyeo, rangi iliyopauka na vyuma vilivyochomelewa kushikilia kamera viliachwa kama vilivyo. Ilionyeshwa Detroit Januari 2018, na Januari 2020 ikauzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Pacha wake, aliyetumika kwenye michezo ya hatari ya filamu hiyo hiyo, alikutwa kwenye jaa la magari chakavu huko Mexico. Aliyemnunua alitaka kumgeuza nakala ya Mustang ya filamu nyingine, hadi namba ilipokaguliwa ikabainika ni nani. Bila namba angekwanguliwa na kupotea.

Kwa hiyo siwezi kumcheka Mmarekani na brashi yake ya waya. Injini ibadilishwe inapobidi, kama wafanyavyo Havana na chini ya mwembe. Kovu liachwe. Lakini namba iandikwe, na historia yake pia.

Kama nyuma ya nyumba yenu kuna 504 au Land Rover iliyoota majani, kabla hujamwita mnunuzi wa chuma chakavu, futa vumbi uisome namba ya chesisi, uiandike daftarini. Kisha umuulize baba au mjomba wako aliinunua wapi, mwaka gani, na ilikuwa rangi gani. Muulize wiki hii, akiwa bado anakumbuka.