Gati, Hati na Watu: Historia ya Kampuni Moja ya Bandarini

Barabara itokayo Nyahururu hupita katika bonde la Subukia, ikapinda huku na huku milimani, hata ikafika Nakuru. Hapo hukutana na barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda. Ukisimama kando ya barabara hiyo kuu kwa muda wa saa moja tu, msomaji, utaona malori mengi yamebeba makasha makubwa ya chuma, ambayo watu huyaita makontena. Mengine yanakwenda Kampala, mengine Kigali, na mengine mashariki ya Kongo.

Mkulima wa Subukia yuko mbali na bahari, lakini bahari haiko mbali na shamba lake. Mbolea ya viwandani, vipuri vya trekta, na dawa ya kunyunyizia mimea, vingi katika hivyo vilipita bandarini kabla ya kufika dukani. Kontena likikawia gatini, gharama ya kukawia huongezwa katika bei, na mwisho hulipwa na yule anayenunua gunia moja. Basi, yafaa mwanafunzi wa huku bara aulize: Bandari ni ya nani? Na je, anayeiendesha ndiye mwenyewe?

Ili tupate jibu, na tuitazame bandari ya jirani zetu, Dar es Salaam. Hapo zamani bandari hiyo na ile ya Mombasa zilikuwa kama watoto wa baba mmoja, kwani zote mbili ziliongozwa na Shirika la Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua chake. Kenya iliunda Halmashauri ya Bandari, KPA, mwaka 1978, na Tanzania nayo ikawa na mamlaka yake. Tangu hapo bandari hizi mbili hushindana. Mfanyabiashara wa Rwanda au wa Kongo akichoshwa na njia moja, huifuata nyingine. Na lori ambalo leo linapita Nakuru, kesho laweza kupita Morogoro.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini kazi ya bandari ilibadilika. Zamani mzigo ulibebwa kwa mabega. Makuli walishuka ndani ya meli, wakapanga magunia katika nyavu, winchi ikayainua, na wenzao wakayapokea gatini. Meli moja iliweza kukaa siku nyingi ikipakuliwa. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani aitwaye Malcom McLean alipeleka meli iliyoitwa Ideal X kutoka Newark hadi Houston, ikiwa na makasha 58 ya namna moja. Tangu siku hiyo dunia ilianza kujifunza kwamba mzigo waweza kufungwa kiwandani na usifunguliwe hata ufike mlangoni kwa mnunuzi. Lakini kontena haliinuliwi kwa bega. Linataka kreni kubwa, uwanja mpana, na hesabu isiyokosea. Mambo hayo yanataka fedha nyingi, na mamlaka nyingi za bandari duniani hazikuwa nazo. Ndipo yakatokea makampuni ambayo kazi yake ni kuendesha magati ya makontena katika nchi za watu.

Kampuni moja ya namna hiyo ni ICTSI ya Manila, katika nchi ya Ufilipino. Mwaka 2000 serikali ya Tanzania ilitoa sehemu ya makontena ya bandari ya Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10. Waliopewa ni ICTSI pamoja na washirika wa Kitanzania, na kampuni waliyoiunda iliitwa TICTS. Kazi ilianza mwezi Septemba mwaka ule ule. Katika miaka ya kwanza hali ya upakuaji ilitengenea, na shehena ikaongezeka.

Sasa angalia jambo lililofuata. Mwaka 2001, hata mwaka wa pili wa kazi haujatimia, kampuni ya Hutchison yenye makao Hong Kong ilinunua kutoka kwa ICTSI magati yake ya nchi za nje, na Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Langoni hapakubadilika kitu. Jina lilikuwa TICTS, na kuli aliyekuja zamu ya asubuhi alipita mlango ule ule. Aliyebadilika ni mwenye hisa nyingi.

Huenda ukashangaa, ukasema, ‘Yawezekanaje mtu kuuza kilicho cha serikali?’ Na tuchukue mfano wa nyumbani. Chama cha ushirika kina kiwanja karibu na soko. Hakina fedha za kununua mashine ya kusaga, kwa hiyo kinampa mtu haki ya kusaga unga hapo kwa miaka 10, naye atalipa kodi. Mtu huyo anaunda kampuni, analeta mashine na kuajiri vijana. Baada ya mwaka mmoja anaiuza kampuni yake kwa mwingine. Kiwanja hakikuuzwa, bado ni cha chama. Lakini haki ya kukitumia, ambayo ilikuwa ndani ya kampuni, imehamia kwa mtu ambaye chama hakikumchagua. Je, chama kiliandika katika hati kwamba hakuna mauzo bila idhini yake? Kama hakikuandika, hakina la kusema.

Kwa hiyo katika bandari yoyote kuna vitu vitatu ambavyo hatupaswi kuvichanganya. Cha kwanza ni gati lenyewe, yaani ardhi na ukuta wa bahari, nalo ni mali ya taifa. Cha pili ni hati, yaani haki ya kuliendesha kwa muda uliotajwa. Cha tatu ni uwezo wa kazi: kreni, magari, na zaidi ya yote watu wanaojua kuvitumia.

Historia ya TICTS yaonyesha jinsi vitu hivyo vinavyoachana. Mwaka 2005, wakati nusu tu ya ile miaka 10 ilikuwa imepita, mkataba uliongezwa ukawa wa miaka 25. Baadaye makontena yalijaa kupita nafasi iliyokuwapo, meli zikangoja nje, na wafanyabiashara wakanung'unika. Watu wakaanza kuuliza kwa nini muda uliongezwa mapema hivyo. Mwaka 2008 jambo hilo lilijadiliwa Bungeni, na wabunge wakataka nyongeza hiyo iangaliwe upya. Hapakuwa na njia nyepesi, maana hati iliyokwisha kutiwa sahihi haifutwi kwa manung'uniko. Ilipita miaka mingi ya mashauri. Mwishowe kazi ya TICTS kwa mkataba huo ilikoma mwisho wa Desemba 2022, na usimamizi wa gati ukarudi kwa Mamlaka ya Bandari, TPA.

Ungedhani kwamba kampuni iliyopoteza hati yake haina tena thamani. Haikuwa hivyo. Mwezi Mei 2024, kampuni ya Adani ya India ilitia sahihi na TPA mkataba mpya wa miaka 30 wa kuendesha gati hilo la pili la makontena, lenye nafasi 4 za meli. Wakati huohuo kampuni iitwayo East Africa Gateway, ambayo Adani inaimiliki pamoja na AD Ports ya Abu Dhabi na mshirika mwingine, ilikubali kununua asilimia 95 ya hisa za TICTS kwa dola milioni 39.5 za Marekani. Mnunuzi mwenyewe alieleza sababu: mitambo ya gatini ilikuwa mali ya TICTS, na wafanyakazi walikuwa wameajiriwa nayo. Mwaka 2023 gati hilo lilipitisha makontena yapatayo 820,000 kwa kipimo cha futi 20, yaani kama asilimia 83 ya makontena yote ya Tanzania.

Linganisha mauzo hayo mawili. Mwaka 2001 mnunuzi alipata kampuni pamoja na hati iliyokuwa ndani yake. Mwaka 2024 hati ilitoka upya serikalini, na kwa wauzaji mnunuzi alipata mitambo na mikono iliyozoea kazi. Gati halikuuzwa mara ya kwanza, wala mara ya pili. Lakini mara zote mbili watu waliokuwa wakifanya kazi pale walijikuta wana bwana mpya.

Wako wasemao kwamba mgeni asipewe bandari kamwe. Wako wasemao kwamba serikali haiwezi biashara, heri mgeni. Mabishano ya namna hii yalikuwa makali sana Tanzania mwaka 2023, wakati wa mapatano na kampuni ya DP World ya Dubai, ambayo mwezi Oktoba mwaka huo ilipewa sehemu nyingine ya bandari ile ile. Kwetu Kenya pia, kila litajwapo jambo la kukodisha magati ya Mombasa, wafanyakazi wa bandari huwa wa kwanza kusimama kulipinga, kwa kuwa riziki yao imo humo. Pande zote mbili zina hoja. Serikali isiyo na kreni haisaidii mkulima, na mgeni asiye na masharti hatamsaidia pia.

Wahenga walisema, ‘Mali bila daftari hupotea bila habari.’ Ukisikia siku moja kwamba bandari, kiwanda au chanzo cha maji kinakodishwa, usiridhike kujua jina la mpangaji tu, kwa maana jina laweza kubadilika kabla ya mwaka kwisha. Uliza: Ni miaka mingapi, na ni nani awezaye kuiongeza? Je, mpangaji aweza kumwuzia mwingine haki yake bila ruhusa ya mwenye mali? Na muda ukiisha, mashine zitakuwa za nani, na wafanyakazi watakwenda wapi?

Maswali hayo hayahitaji mtu aliyezaliwa pwani. Mtoto wa Subukia asomaye hesabu, sheria na historia kwa bidii aweza kuyauliza, na huenda siku moja akaketi mezani pale hati inapoandikwa. Na asisahau kwamba gharama ya hati mbaya husafiri pamoja na mzigo, ikapanda mlima hadi Nakuru, kisha ikafika kwao nyumbani ndani ya bei ya mbolea.