Udongo Utakwenda Wapi?

Mtu akitaka kujenga nyumba ya mawe, huchimba kwanza msingi. Udongo autoao huurundika palepale ukingoni, maana ndipo karibu. Usiku mvua ikinyesha, asubuhi hukuta udongo umerudi shimoni, na kingo zimebomoka kwa uzito wa chungu ile. Hana budi kuchimba mara ya pili.

Msidhani kosa hilo ni la wajinga tu. Sikilizeni habari za Mfereji wa Panama, katika Marekani ya Kati, upitishao meli kutoka bahari ya Atlantiki mpaka Pasifiki.

Wafaransa walianza kuuchimba mwaka 1881, chini ya Ferdinand de Lesseps, yeye aliyeongoza kazi ya mfereji wa Suez. Lakini Suez ni mchanga na nchi tambarare. Panama ni milima na mvua nyingi. Penye kilima cha Culebra udongo ulimwagwa karibu mno, na mvua zilipokuja ukaporomoka. Maelfu ya watu walikufa kwa homa ya manjano na malaria, fedha zikaisha, na mwaka 1889 kampuni ikafilisika.

Mwaka 1904 Waamerika waliishika kazi hiyo. Nao pia walianza kwa haraka, magari ya moshi yakaanguka njiani, na udongo ukakosa wa kuuondoa. Mwaka 1905 akaja mkuu mpya, John Stevens, mtu wa reli. Jambo alilofanya liliwashangaza wengi: alisimamisha uchimbaji! Alitambua ya kuwa kuchimba si shida. Shida ni kuchukua. Basi kwanza mbu wakapigwa vita na nyumba za wafanya kazi zikajengwa. Kisha zikatandikwa reli nzito.

Kilima kikachimbwa kutoka pande mbili kuelekea katikati palipoinuka. Hivyo magari matupu yalipanda, yaliyojaa yakateremka, na maji ya mvua yakatoka yenyewe. Udongo mwingine ukajenga njia ndani ya bahari mpaka kisiwa cha Naos. Mfereji ulifunguliwa tarehe 15 Agosti, 1914. Hata hivyo kingo ziliendelea kuporomoka, na mwaka 1915 maporomoko yaliufunga kwa miezi kadha.

Basi, wewe utakayejenga, kabla hujainua jembe jiulize: udongo utakwenda wapi? Kumbuka kwamba udongo ukichimbuliwa huvimba, hata chungu huwa kubwa kuliko shimo lake. Uweke mbali na ukingo, wala usiuweke upande wa juu ambako maji hutoka. Utenge ule utakaorudishwa kando ya msingi, na ule wa juu wenye rutuba upeleke shambani. Anza kuchimba upande wa chini, ili maji yapate njia.

Saa moja ya kufikiri kabla ya kazi huokoa siku nyingi za jembe. Na shimo lisiloporomoka huokoa roho ya mtu aliyemo ndani yake.